Hotuba kwa Wakunga Wanaojifunza Ultrasaundi



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya wakunga wetu na chombo kiitwacho ultrasaundi.

Zamani mkunga hakuwa na kitu ila mikono yake na masikio yake. Mwaka 1895 daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, alitengeneza pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, nayo yatumika hata leo. Kisha mwaka 1958, mjini Glasgow, Profesa Ian Donald na wenzake, John MacVicar na mhandisi Tom Brown, walichapisha picha za mimba zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti.

Kazi yake ni kama mwangwi wa mlimani. Sikio la mtu halisikii mitetemo ipitayo 20,000 kwa sekunde. Chombo hiki hupeleka mamilioni, nayo hugonga mwili wa mtoto na kurudi, ikawa picha. Hewa huizuia sauti hiyo, ndiyo sababu mama hupakwa jeli.

Walakini chombo hakisemi. Asemaye ni mtu. Mkunga akimpima mtoto kabla ya majuma 14, hukadiria umri wa mimba kwa kukosea siku chache tu. Akipima karibu na kuzaliwa, kosa laweza kufika majuma matatu. Asiyejua hayo atamwambia mama kwamba siku zimepita, kumbe mtoto hajakomaa.

Tena kondo la nyuma likionekana chini katika juma la 20, mara nyingi hupanda kadiri tumbo likuavyo. Basi mama asitishwe, bali aitwe apimwe tena yapata juma la 32. Lakini likibaki limefunika mlango wa uzazi, mkunga asithubutu kumpima kwa vidole, kwa maana damu yaweza kububujika, wakafa mama na mtoto. Huyo apelekwe mapema kwenye hospitali iwezayo kupasua na kumwongezea damu.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri killa mjamzito apimwe mara moja kabla ya juma la 24. Ni shauri jema. Lakini lipo neno litupasalo kulitafakari. Utafiti uliofanywa Kongo, Kenya, Zambia, Pakistani na Guatemala, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, uliwafunza wakunga na wauguzi kutumia chombo hiki vijijini. Walijifunza vema, hata hivyo vifo vya mama na watoto havikupungua. Kuona hatari si kuiondoa. Picha yahitaji barabara, gari, daktari na damu ya akiba.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, nawasihi mambo matatu. Fanyeni mazoezi mengi chini ya macho ya mwalimu kabla ya kufanya peke yenu. Andikeni mlichokiona, wala msiandike mlichokidhania. Na msione haya kusema, “Hili silijui, twende kwa anayejua.” Neno hilo halimshushi mkunga, laweza kumwokoa mama.

Nasi tuliobaki, tusijivunie chombo kipya huku njia ya kwenda hospitali haipitiki. Yeye aone, sisi tumfikishe.