DAWA YA MITI HUPIMWAJE?

Leo tutazungumza juu ya dawa za miti zinazotuliza maumivu na uvimbe.

Mtu aumwa goti. Anakunywa mzizi uliochemshwa, na baada ya siku mbili hajambo. Je, mzizi ndio uliomponya, au goti limepoa lenyewe? Kwa mtu mmoja hatuwezi kujua. Ndiyo sababu wataalamu, kama wale wa Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili, huzichunguza dawa hizo.

Kwanza hutafuta jina hasa la mti, maana pengine miti miwili huitwa jina moja. Kisha mzizi hukaushwa, hutwangwa, hulowekwa na kuchujwa.

Panya hugawanywa makundi matatu. La kwanza hupewa maji matupu, la pili dawa ya hospitali, la tatu dawa ya mti. Kisha kila panya hudungwa mguuni kitu kitokanacho na mwani. Mguu huvimba, nao hupimwa kila saa. Kundi la tatu likivimba kidogo kuliko la kwanza, hiyo ni dalili ya kuwa dawa ina nguvu.

Lakini kazi haijaisha. Lazima ichunguzwe kama ina sumu, halafu ijaribiwe kwa watu waliokubali wenyewe.

Aspirini nayo ilianzia mtini. Mwaka 1763 Edward Stone, kasisi wa Uingereza, aliandika kwamba gome la mti fulani hutuliza homa. Mwaka 1897 Felix Hoffmann wa Ujerumani alitengeneza aspirini safi. Hata hivyo, aspirini yaweza kuumiza tumbo, na mtoto mwenye homa asipewe bila shauri la mganga.

Basi kumbukeni: kutuliza maumivu si kuponya ugonjwa. Tumbo likikaza upande wa kulia chini, usikae nyumbani ukinywa mizizi. Nenda hospitali upesi. Na ukifika, usifiche. Mwambie mganga mzizi uliokunywa, na kiasi chake, maana dawa mbili zaweza kugombana mwilini.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini kundi moja hupewa maji matupu?
2. Kwa nini tumwambie mganga dawa tulizokunywa?