Mawimbi ya Uvutano na Ardhi Inayotikisika: Mada kwa Walimu wa Sayansi wa Nyanda za Juu za Kigoma

Vituo vipya vya kunasa mawimbi ya uvutano vinahitaji ardhi iliyotulia, na katika hilo watu wa Kasulu na Kibondo wana la kusema. Alasiri ya tarehe 5 Desemba 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilizuka chini ya Ziwa Tanganyika. Nyumba zilianguka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na mtikisiko ukasikika hadi Nairobi. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa lingali linapanuka.

Utulivu huo ni wa nini? Kituo cha aina hii kina mikono miwili mirefu. Mwanga wa leza hupelekwa hadi kwenye vioo vya mwisho na kurudi. Wimbi likipita, mkono mmoja hurefuka na mwingine hufupika. Tarehe 14 Septemba 2015, vituo viwili vya LIGO vya Marekani, vyenye mikono ya kilomita 4, vilinasa wimbi la mashimo meusi mawili yaliyoungana umbali wa zaidi ya miaka bilioni moja ya nuru. Badiliko la urefu halikufika hata sehemu ya mia ya upana wa protoni. Lori likipita barabarani hutikisa ardhi zaidi ya hapo, ndiyo maana vioo vinaning'inizwa kwa nyuzi nyembamba za glasi.

Kizazi kijacho kinakwenda chini zaidi, na mbali zaidi. Ulaya inapanga Einstein Telescope, mita 200 hadi 300 ardhini. Sehemu mojawapo inayopimwa ni kandokando ya mgodi wa zamani wa Sos Enattos, Sardinia. Marekani inabuni Cosmic Explorer, mikono kilomita 40. Setilaiti tatu za LISA, kituo cha angani, zitakazoachana kilomita milioni 2.5, zimepangwa kurushwa mwaka 2035.

Afrika haina kituo hata kimoja. Ni pengo kubwa, kwa sababu mahali wimbi linapotoka hujulikana kwa kulinganisha saa lilipofika kwenye vituo vilivyo mbalimbali. Mwandishi wa mada hii haoni Kigoma ikifaa, ufa uko karibu mno. Lakini mashariki yake, kuelekea Tabora, Shinyanga na Singida, umelala mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na wachimbaji wa dhahabu wa Bulyanhulu tayari wanafanya kazi ndani kabisa ya mwamba huo. Huko panastahili kupimwa.

Wala Afrika Mashariki si ngeni katika kazi ya kuchunguza anga. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vya chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni zilipogongana, LIGO na kituo cha Virgo cha Italia vilionyesha upande wa kutazama. Setilaiti ya Swift, ambayo data zake hushushwa Malindi, ikaona mwanga wa urujuanimno wa mgongano huo.

Data za LIGO na Virgo zimewekwa wazi, bila malipo. Mwalimu wa fizikia wa Kasulu mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuwachorea wanafunzi wake wimbi lenyewe la mwaka 2015, si mchoro wa kitabuni.