MUHURI, PANCHI NA KADI YA IDD: KAZI YA MKONO NA AMANA YAKE

(Mada hii ilitolewa mbele ya vijana na wazazi wa Kitale na Bungoma katika kikao cha mwezi wa Shaaban. Tumeiacha karibu kama ilivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Nimeombwa nizungumze juu ya kutengeneza kadi za Idd kwa mkono. Najua wapo wanaojiuliza, "Ramadhan inabisha hodi, na huyu anatuletea habari za mikasi na gundi?" Subirini kidogo. Kadi ni kitu kidogo, lakini ndani yake mna riziki, mna kuunganisha udugu, na mna amana ambayo vijana wengi wanaichezea. Hiyo amana ndiyo hasa nataka tuifikie.

MUHURI NI SUNNA YENYE HISTORIA

Tuanze na muhuri wenyewe. Imepokewa kwa Anas bin Malik (R.A), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W) alipotaka kuwaandikia barua wafalme, aliambiwa kuwa wale hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Akatengenezewa pete ya fedha, ikachorwa maneno matatu kwa mistari mitatu: Muhammad, Rasuli, Allah. Baada yake pete ile ikavaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (R.A), mpaka siku ilipomtumbukia Uthman katika kisima cha Aris pale Madina. Wakaitafuta wasiione tena.

Zingatieni jambo moja. Mtume (S.A.W) aliwakataza watu wengine wasichore maneno yale katika pete zao. Kwa nini? Kwa sababu muhuri ni ushahidi. Ukiwa mikononi mwa kila mtu, haushuhudii tena kitu. Wekeni neno hili akilini, tutalirudia.

Waislamu wa zamani hawakuishia kwenye pete. Kule Misri, karne nyingi kabla ya Gutenberg kuchapa kitabu Ujerumani katika karne ya 15, mafundi walikuwa wakichapa maandishi ya Kiarabu kwenye karatasi kwa vibao vilivyochongwa, na vipande vya karatasi hizo vipo hadi leo katika maktaba na makumbusho. Muhuri wa mpira ni mdogo wao sana kwa umri. Ulianza Marekani katika miaka ya 1860, baada ya Charles Goodyear kugundua mwaka 1839 namna ya kuupika mpira pamoja na kiberiti ukawa mgumu. Mihuri ya kwanza ilipikwa katika vyungu vya madaktari wa meno, vile walivyotumia kutengenezea ufizi wa bandia! Fundi hakungoja mashine yake maalumu. Alitumia kilichokuwepo, na sisi tutafanya hivyo hivyo.

KARATASI TUNAIJUA

Watu wa Bungoma hamwezi kuniambia karatasi ni kitu cha kigeni. Pale Webuye kiwanda cha Panpaper kilianza kutoa karatasi katika miaka ya 1970, na aliyepita barabara ile anaikumbuka harufu yake. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, familia ngapi zikayumba, kisha mwaka 2016 kikachukuliwa na kampuni ya Rai. Somo ni kwamba mji uliotegemea mlango mmoja wa riziki uliumia mlango huo ulipofungwa. Kijana mwenye ufundi mkononi, hata mdogo, ana dirisha la kuchungulia.

Kwa kadi, nunueni manila ya ukubwa wa A4. Ikate katikati upate vipande viwili vya milimita 148 kwa 210. Kunja kila kimoja, unapata kadi ya milimita 105 kwa 148, nayo inaingia sawasawa katika bahasha ya C6. Kumbe karatasi moja ni kadi mbili. Kabla ya kukunja, weka rula na upitishe kalamu ya biki iliyokwisha wino, ukikandamiza kidogo. Ule mfereji ndio utakaofanya kadi ikunjike bila kupasuka mgongoni. Msinunue karatasi ya kung'aa. Wino wa maji haukauki juu yake, na mgeni wa kwanza ataondoka na Idd Mubarak kwenye kanzu.

KUCHONGA MUHURI

Vifaa ni hivi: raba ya kufutia ya shuleni, au soli ya ndara kuukuu, zile patipati, iliyooshwa ikakauka, wembe au kisu chembamba, penseli, kipande cha ubao cha kushikia, na kidau cha wino. Watoto wadogo wasipewe wembe. Wao wana mihuri ya jikoni, nitaitaja.

Chora pambo lako kwa penseli kwenye karatasi nyembamba. Ligeuze lilalie raba, ulisugue kwa ukucha. Penseli itahamia kwenye raba ikiwa kinyume, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana ukipiga muhuri itageuka tena na kuwa sawa. Ukichora moja kwa moja juu ya raba, maandishi yatatoka kama kwenye kioo. Kwa pambo la nyota si neno, lakini kwa herufi za Kiarabu ni kasoro ambayo hata mtoto wa chuo ataiona.

Sasa kata. Acha mistari, ondoa kisichotakiwa, uende chini milimita 2 au 3. Wembe uulaze uelekee nje ya mstari, ili ukuta wa pambo uwe mpana chini kama mlima. Ukikata kuelekea ndani, mstari utabaki umesimama hewani, utapinda ukiubonyeza. Ukimaliza bandika kwenye ubao.

Kupiga muhuri nako kuna adabu zake. Usiuchovye kwenye wino kama mandazi kwenye chai. Uguse-guse mpaka uso wote upate rangi, jaribu kwanza kwenye karatasi chakavu, kisha bonyeza wima, usitikise, na uinue wima. Muhuri mmoja mdogo ukipigwa mara kumi na mbili kwa mpango unatoa mpaka mzuri wa kadi nzima. Hiyo ndiyo siri ya sanaa ya misikiti yetu: umbo moja dogo linarudiwa kwa nidhamu mpaka jicho linatulia.

Ama watoto, wapeni gunzi. Trans Nzoia ni nyumba ya mahindi, magunzi tunayatupa. Likate upande kwa upande, lipake rangi, ubonyeze: unapata ua la mviringo. Na kile kichwa cha bamia ambacho mama anakitupa, kikikatwa vizuri kinapiga ua la pembe tano. Nasema kile kinachotupwa. Tusiharibu chakula cha watu kwa ajili ya mapambo, hasa mwezi huu.

PANCHI

Panchi ya ofisini inatoboa matundu mawili ya milimita 6, yaliyoachana milimita 80. Wengi wanaona matundu tu. Fungua tumbo lake uone zile duara ndogo za karatasi. Zikusanye za rangi mbalimbali, uzibandike mstari kama tasbihi, au uzipange kuwa mwezi mwandamo. Matundu yenyewe yapitishie utepe. Ukitoboa kwenye jalada la kadi na kuweka karatasi ya dhahabu nyuma yake, unapata taa za msikitini usiku.

Zipo panchi za maumbo, za nyota na maua. Ni ghali kidogo, kwa hiyo kikundi kinunue moja ya kushirikiana. Ikianza kutafuna karatasi badala ya kukata, toboa karatasi ya msasa mara kadhaa, itanoleka. Ikikwama, toboa karatasi yenye nta, italainika. Na kama hamna kabisa, nendeni kwa fundi viatu mwenye panchi ya kutobolea ngozi, muongee naye kwa heshima.

Na hapa niwaambie dada zetu. Mama yetu Zaynab bint Jahsh (R.A), mke wa Mtume (S.A.W), alikuwa fundi wa ngozi, akidibaghi, akitoboa na kushona, na pato lake akilitoa sadaka. Ndiye aliyekusudiwa Mtume alipowaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu. Walipimana mikono, kumbe urefu ni wa kutoa. Basi asiwaambie mtu kwamba kazi ya mkono ni ya kujipitishia wakati.

NINI KIANDIKWE

Masahaba walipokutana siku ya Idd waliombeana Mwenyezi Mungu awakubalie amali zao. Maneno haya tuyaseme kwa ndimi zetu tukipeana mikono. Kwenye kadi, ushauri wangu ni "Idd Mubarak" na jina la mtu. Kwa nini nisiseme aya? Kwa sababu kadi nyingi mwishowe hutupwa, na jina la Allah halifai kuokotwa jalalani. Picha za viumbe tuziache, maana maulamaa wamezizungumza sana. Maua, nyota na nakshi zinatutosha.

Mwaka 2001 Posta ya Marekani ilitoa stempu yake ya kwanza ya Idd, maandishi ya dhahabu kwenye buluu, yameandikwa na Mohamed Zakariya, Mmarekani aliyesilimu na kusomea khati kwa walimu wa Uturuki. Ilitoka tarehe 1 Septemba. Siku kumi baadaye mnajua kilichotokea New York. Wakatokea watu kudai iondolewe. Haikuondolewa, na mwaka 2002 ikatolewa tena. Kikaratasi kidogo kile, chenye maneno mawili tu ya heri, kilisema: na sisi ni watu wa hapa.

Nasi tuna wa kuwaambia hivyo. Baada ya uchaguzi wa 2007, Trans Nzoia na Bungoma ziliona majirani wakikimbiana, na kule Mlima Elgon watu waliteseka miaka mingi. Jirani asiye Mwislamu akipokea kadi uliyoitengeneza kwa mkono, amepelekewa na mtoto wako pamoja na sahani ya pilau, hiyo ni dawa. Ujumbe wa simu uliotumwa kwa watu mia mbili kwa pigo moja haufanyi kazi hiyo. Bibi kule Chwele au Kimilili hataufungua. Kadi ataiweka juu ya kabati mpaka Idd nyingine.

HESABU

Tufanye mfano wa kufundishia. Bei za mjini kwenu mziandike wenyewe. Tuseme manila ya A4 ni shilingi 10, kila kadi ni 5. Bahasha 5. Wino, gundi na utepe 5. Nauli na zilizoharibika 5. Jumla 20. Ukiuza 50, faida ni 30. Kadi 200 ni shilingi 6,000.

Msishangilie bado. Kadi moja ikichukua dakika 15, kadi 200 ni saa 50. Watu watano ni saa 10 kila mmoja, na pato la kila mmoja ni 1,200. Si utajiri, lakini ni halali, na inaweza kumvalisha yatima nguo ya Idd. Mgawane kazi: mmoja akate, mmoja akunje, mmoja apige muhuri. Na mwanze Rajab na Shaaban. Kumi la mwisho si la gundi, ni la kisimamo.

Kumbukeni pia mwaka wetu unapungua kama siku 11 kwa mwaka wa jua. Idd al-Fitr ilikuwa tarehe 10 Aprili mwaka 2024, ikawa mwisho wa Machi mwaka 2025. Lakini watahiniwa wa KCSE wanaandika kila Novemba, na kadi za sakses zinatafutwa Oktoba. Mihuri ni ile ile, badilisha maneno tu.

AMANA

Sasa lile nililowaambia mliweke akilini. Anayejua kuchonga nyota kwenye raba anajua pia kuchonga muhuri wa chifu. Na atajiwa. Atajiwa usiku na rafiki yake: "Ndugu, nataka fomu ya basari tu, chifu ananizungusha." Au fomu ya kitambulisho, au barua ya hospitali, au risiti ya karo. Atapewa sababu inayoliza. Najua shida ya vijana wetu katika vitambulisho, na baadhi ya dhuluma wanayoipata ni ya kweli. Lakini dawa yake ni wazee waende nao ofisini, mchana, wadai haki yao. Muhuri wa kughushi ni jinai katika sheria ya Kenya, na kabla ya sheria ni uongo uliochongwa. Basari uliyoichukua kwa muhuri wa uongo umempokonya mtoto mwingine aliyepanga foleni. Na siku moja ikigunduliwa, chifu atawatilia shaka vijana wote wa msikiti huu, hata wenye karatasi safi.

Kwa hivyo kikundi kitakachoanza, kiwe na daftari la mihuri yake yote: kila muhuri upigwe humo, na jina la aliyeuchonga liandikwe. Anayetaka kingine cha pembeni, aambiwe hapana mbele ya wenzake. Bora mkose mteja.

Wazazi, wanunulieni watoto raba na manila badala ya fataki. Vijana, Jumamosi ijayo baada ya Alasiri leteni ndara kuukuu, magunzi na mikasi, tuanze.

Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhan, atukubalie funga zetu, na aijaalie mikono yetu kuwa mirefu katika kutoa na safi katika kuchuma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.