Mizani ya Dukani, Si ya Jikoni

Anayefungua duka la dagaa, mihogo na viungo mjini Reynoldsburg, Ohio, hukuta mizani ya jikoni kwa bei ya kuvutia. Aiache hapo hapo.

Mizani hiyo yafaa unga wa keki, si kumpimia mteja anayelipa kwa uzito. Ya biashara huwa na namba ya cheti cha NTEP, mpango wa Marekani wa kuidhinisha vipimo, na bamba linaloonyesha daraja lake, kwa kawaida la III, na uzito wa juu inaobeba.

Hatua ya usomaji ndiyo huwaponza wengi. Mizani inayosoma kwa 0.01 ya paundi, yaani gramu 4.5 hivi, yatosha kwa samaki na mihogo. Kwa iliki, ghali ilivyo, hatua hiyo ni pana mno. Mteja naye lazima aone namba, na uzito wa mfuko utolewe kwanza.

Ohio, mizani hukaguliwa na ofisi ya mkaguzi wa hesabu wa kaunti. Reynoldsburg imegawanyika katika kaunti 3: Franklin, Licking na Fairfield. Mwenye duka athibitishe kaunti yake, apige simu huko kabla ya kuuza.