Hewa ya Darini: Hotuba juu ya Kuchagua Matundu ya Paa



Leo twapenda kunena nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni hewa iliyo kati ya dari na paa. Kila siku watu hutoka wilayani kuja Dar es Salaam, nao hufika Kariakoo kununua vifaa vya ujenzi. Huuliza bei ya bati, rangi yake na unene wake. Huuliza misumari, mbao za kenchi na mbao za dari. Yote hayo ni maswali mema. Walakini ni wachache mno waulizao swali hili: joto litakaloingia juu ya dari yangu, litatokea wapi? Swali hilo lisipoulizwa dukani, huja kujibiwa usiku, mtoto mchanga anapolia kwa joto na mama yake hana la kufanya illa kumpepea kwa ukili mpaka alfajiri.

Kwanza yafaa tujue asili ya joto lenyewe. Mji wa Dar es Salaam uko karibu digrii 7 kusini ya Ikweta, na kwa hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kila mwaka, mara moja katika mwezi wa Oktoba na mara ya pili mwanzoni mwa Machi. Jua la namna hiyo halipigi ukuta sana, hupiga paa. Bati lililokaa juani tangu asubuhi huwa la moto hata mtu hawezi kuweka kiganja chake juu yake. Bati hilo huipasha moto hewa iliyo chini yake, tena hutupa joto lake juu ya dari, na dari nayo hulishusha chumbani. Hewa ya darini ikikosa njia ya kutoka, hukaa pale kama mvuke katika chungu kilichofunikwa. Jua hushuka, lakini chumba hubaki na joto kwa saa nyingi.

Tena liko jambo la pili, nalo ni unyevu. Usiku bati hupoa upesi kuliko hewa, na katika nchi ya pwani hewa ina maji mengi. Maji hayo huganda chini ya bati mfano wa umande, yakadondoka juu ya mbao. Hewa isipopita ikazikausha, mbao huota ukungu, misumari hupata kutu, na dari hupata madoa ambayo mwenye nyumba hudhani ni bati lililotoboka. Basi tundu la hewa hulinda watu, na hulinda nyumba pia.

Sasa twawaomba mtembee nasi kwa fikira kutoka Magogoni hata Kariakoo, mkitazama mapaa, kwani mji huu wenyewe ni kitabu cha elimu hii.

Huko Magogoni, karibu na mlango wa bandari, pana Ikulu. Nyumba ya Gavana ya zamani za Wadachi iliyokuwa mahali hapo iliharibiwa kwa mizinga ya manowari za Kiingereza mwaka 1914, ikajengwa upya mwaka 1922. Ukifuata ufuko wa Kivukoni utaona majumba mengine yaliyojengwa zamani hizo hizo. Yatazameni vema: vibaraza vipana vinavyozuia jua lisifike ukutani, vyumba virefu kwenda juu, madirisha yanayotazamana ili upepo wa bahari uingie huku utokee huku. Waliojenga hawakuwa na mashine za kupoza hewa, wakawa hawana budi kuutegemea upepo. Upepo upo wa namna mbili, nanyi watu wa pwani mwaujua tangu utoto: kaskazi, uvumao tangu Desemba hata Machi, na kusi, uvumao katika miezi ya katikati ya mwaka. Mjenzi wa Magogoni aliijua miezi hiyo kama nahodha aijuavyo.

Tukivuka Mnazi Mmoja twafika Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza. Hapo palikuwa na nyumba nyingi za Kiswahili, za vyumba sita: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na ua nyuma. Nyingi zimekwisha kubomolewa na mahali pake pamesimama maghorofa, lakini mfano wake ungali upo katika mitaa mingine na katika miji yote ya pwani. Nyumba hiyo iliezekwa kwa makuti, na baadaye kwa madebe yaliyokunjuliwa, kisha kwa bati. Kati ya kichwa cha ukuta na paa iliachwa nafasi wazi, tena kuta za ndani hazikufika juu. Joto lilipanda, likatoka. Nyumba hiyo haikuhitaji tundu la paa, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa tundu. Walakini nafasi ile ile iliyotoa joto iliwapisha mbu pia, na mbu wa malaria hupenda mno kuingia nyumbani kwa njia hiyo ya chini ya mapaa.

Paa la tatu ni la Soko Kuu la Kariakoo lenyewe, lililochorwa na Mtanzania, Bwana Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Yeye hakuweka paa moja la kufunika wote kama kifuniko. Alisimamisha miamvuli mikubwa ya zege iliyo mbalimbali kwa kimo, ili kivuli kipatikane na hewa ipite, na maji ya mvua yakusanywe na kushuka mpaka kwenye hodhi lililo chini. Mwezi wa Julai 2021 soko hilo liliungua, jambo lililowahuzunisha wengi. Hata hivyo fikira ya mchoraji yule haikuungua. Alitufundisha ya kwamba paa laweza kukinga mvua bila ya kufunga joto ndani.

Basi shida ilianza wapi? Ilianza tulipochukua bati la kisasa na dari ya kisasa, tukaziba nafasi ya juu ya ukuta kwa sababu ya mbu, wezi na popo, wala tusiweke njia nyingine badala yake. Methali yasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi hatuikanushi methali hiyo. Ila twasema, kuna ufa wa kuziba, na kuna ufa wa kutia wavu.

Sheria ya hewa ya darini ni fupi: sharti pawe na mlango chini na mlango juu. Hewa yenye joto ni nyepesi, hupanda. Itokapo juu, huvuta hewa ya nje iingie chini. Ukiweka matundu juu tu, hewa haina mahali pa kuingilia. Ukiweka chini tu, joto hubaki limekaa mgongoni mwa paa. Na matundu ya chini yasiwe madogo kuliko ya juu. Yakizidi kidogo ni heri.

Matundu ya chini huwekwa chini ya upenu, katika ule ubao ulalao kati ya ukuta na ukingo wa paa. Njia iliyo bora ni kuacha mwanya mwembamba urefu wote wa upenu, pande zote mbili za nyumba, na kuutia wavu. Nyumba isiyo na upenu, kama zile ambazo paa lake limefichwa nyuma ya ukuta, ni ngumu zaidi. Mwenye kuijenga na aache matundu katika ukuta wenyewe juu ya usawa wa dari, kabla fundi hajapiga lipu.

Matundu ya juu ni ya namna nyingi, nasi tutataja manne.

Namna ya kwanza ni ya mgongoni. Kofia ya bati iliyo mgongoni mwa paa huinuliwa kidogo, ukabaki mwanya wa kutolea joto uliofunikwa usiingize mvua. Hii ndiyo njema kupita zote kwa paa refu, kwani hutoa hewa mahali pa juu kabisa na kwa urefu wote.

Namna ya pili ni ya ukuta wa pembetatu, katika nyumba za mgongo wa tembo. Tundu hukatwa karibu na ncha ya ukuta, upande huu na upande huu, likatiwa mbao au bati za mshazari zinazoinamia nje. Ni rahisi, na fundi wa kijiji aweza kuifanya. Ikiwa ukuta mmoja waelekea upepo, kazi yake huwa njema zaidi.

Namna ya tatu ni visanduku vya bati vinavyowekwa juu ya paa, karibu na mgongo. Hivi vyafaa paa la pande nne ambalo mgongo wake ni mfupi na halina ukuta wa pembetatu.

Namna ya nne ni kofia ya mviringo inayozungushwa na upepo. Watu huipenda kwa kuwa waiona ikifanya kazi. Huvuta vema pakiwa na upepo. Usiku wa shwari hupungua nguvu. Karibu na bahari chumvi huila upesi. Basi yeye anunuaye na achague ya aluminiamu, wala asichague chuma kilichopakwa rangi tu.

Chagueni namna moja ya juu, msichanganye mbili. Mtu akiweka kofia ya kuzunguka karibu na mwanya wa mgongoni, ile kofia huvuta hewa kutoka kwenye mwanya ulio jirani badala ya kuivuta kutoka chini, na fedha yake imepotea.

Kuhusu kipimo, kanuni za ujenzi za Marekani husema hivi: kwa kila mita 300 za mraba za dari pawe na mita 1 ya mraba ya matundu, ikiwa yamegawanywa juu na chini, yasipogawanywa, mita 1 kwa kila mita 150. Kanuni hiyo ilitungwa zaidi kwa ajili ya unyevu wa nchi za baridi, basi sisi tuihesabu kuwa ndiyo haba. Tuchukue nyumba ya mita 12 kwa mita 8. Dari yake ni mita 96 za mraba. Zigawe kwa 300, utapata kama theluthi moja ya mita ya mraba: nusu yake chini, nusu yake juu. Nusu hiyo ni tundu la sentimita 40 kwa 40. Lakini angalieni: wavu na mbao za mshazari huziba karibu nusu ya tundu, basi juu wekeni matundu mawili ya kipimo hicho, moja kila upande. Na chini ya upenu, mwanya wa sentimita 2 urefu wote wa pande mbili watosha. Walimu wetu waweza kuwapa wanafunzi hesabu hii wapime shule yao wenyewe.

Sasa habari za mbu. Kila tundu litiwe wavu ambao matundu yake hayazidi milimita 1 na nusu, na dari ifike ukutani pande zote bila ya mwanya, ili mbu aliyeingia darini asishuke chumbani. Mfano mwema tunao hapa nchini. Katika kijiji cha Magoda, mkoa wa Tanga, zilijengwa nyumba 6 za majaribio zenye kuta za kupitisha hewa na nyavu za kuzuia wadudu. Habari zake zilipochapishwa mwaka 2017 ilionekana ya kwamba nyumba hizo zilikuwa na joto pungufu na mbu pungufu kuliko nyumba za kawaida zilizo jirani. Kwa hiyo hatulazimiki kuchagua baina ya hewa na afya. Mwenye wavu hupata zote mbili. Wavu huo husongwa na vumbi. Usafishwe kila mwaka kabla ya masika.

Yako pia mambo ambayo tundu la paa haliwezi. Haliondoi moshi wa jikoni: dohani ipite paa mpaka nje, isiishie darini, isije ikajaza masizi na kuleta moto. Haliwi badala ya dirisha la chumba. Wala halizuii joto lote ambalo bati hulitupa juu ya dari. Kwa hilo saidieni kwa bati jeupe au rangi nyeupe, na kwa miti ya kivuli iliyo mbali kiasi na nyumba.

Mwisho twanena na wakubwa wa vijiji na kamati za shule. Mtu akijenga nyumba yake vibaya, ataumia yeye na jamaa zake. Lakini darasa la bati lisilo na tundu huwaumiza watoto wa kijiji kizima, kila siku saa saba za mchana, mwaka hata mwaka, na mwalimu hudhani kwamba hawa wanaosinzia ni wavivu. Kukata matundu mawili katika ukuta na kuyatia wavu ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache. Basi fundi ajapo kuezeka shule yenu, kabla hamjampa malipo ya kwanza, mwulizeni: hewa itaingilia wapi, na itatokea wapi? Akiwaonyesha kwa kidole mahali pawili, mpeni kazi. Akiwaonyesha pamoja tu, mwambieni kazi haijakamilika.