Kufungua Silinda Hedi Iliyopasuka Kwenye Injini Kongwe za Tabo: Uzoefu wa 1KZ-TE na Mapendekezo



Fasili nitazipita haraka, maana kila aliyeketi humu anazijua. Silinda hedi ni sehemu ya juu ya injini yenye valvu, nozeli na njia za maji. Gasketi hukaa kati yake na bloku. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, ili injini isukumiwe hewa zaidi. Hedi iliyopasuka ni ile yenye ufa unaopitisha gesi, maji au oili pasipotakiwa. Hayo yanatosha.

Nimechagua injini moja, 1KZ-TE ya Toyota, kwa kuwa ndiyo inayotuletea hedi nyingi zaidi hapa karakana ya chuo. Ni dizeli ya silinda nne, ujazo wa cc 2,982, iliyofungwa kwenye Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990. Bloku yake ni chuma cha kutupwa, hedi yake ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Gari likipanda mlima Kitonga na mzigo, tabo inajaza hewa, dizeli inaongezeka na joto linapanda. Maji yakishindwa kulichukua joto hilo, hedi inataka kutanuka na bloku inaizuia. Ufa huanzia palipo pembamba: kati ya valvu mbili, au ukingoni mwa chumba kidogo cha mwako kilichomo ndani ya hedi.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo nimelipigania kwa miaka mingi. Hedi zetu zinafunguliwa kwa haraka, mara nyingine injini ikiwa bado ya moto, na kila kinachotoka kinatupwa kabla hakijatazamwa. Naomba nieleweke: simlengi mtu wala gereji yoyote, na chuo hakina mamlaka ya kumwamuru fundi aliye kwake. Lakini siwezi kulinyamazia jambo linalowagharimu wateja hedi mpya kila baada ya miezi michache.

Nitoe mfano wa Prado moja. Ililetwa kwetu ikiwa na hedi ya tatu. Mbili za kwanza zilibadilishwa kwingine. Nilipomwuliza mwenye gari ziko wapi, alisema ziliuzwa kwa kilo. Gasketi zake? Zilitupwa. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Ikabidi tuanze upya.

Siku ya kwanza hatukugusa boliti hata moja ya hedi. Tuliiwasha injini ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, na vipovu vikapanda bila kukoma. Tulipoufunga mfuniko, hosi ya juu ilikakamaa ndani ya dakika chache wakati maji bado ni ya baridi. Hiyo ni gesi ya mwako, wala haihitaji ubishi. Tukazima. Jioni ile tulinyunyizia mafuta ya kulainisha kutu kwenye nati za menifoldi na za tabo, kisha tukaliacha gari lilale. Stadi ikikatikia ndani ya aluminiamu, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki.

Asubuhi tuliileta pistoni ya silinda ya kwanza juu, tukaweka alama kwenye puli na taimingi belti kabla ya kuitoa belti hiyo. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuzungusha injini, kwa sababu pistoni ingegonga valvu. Midomo ya tabo na ya mabomba yake ya oili tuliiziba kwa vitambaa safi. Nati moja ikidondokea humo, mapanga ya feni yatavunjika mara injini itakapowashwa.

Boliti za hedi ni 18. Tulizilegeza kuanzia ncha mbili kwenda katikati, kwa mizunguko kadhaa, kila moja kidogo kidogo. Anayezifungua za upande mmoja kwanza anaipinda hedi kwa mkono wake, kisha anasema ilikuja ikiwa imepinda. Kila boliti iliingia kwenye tundu lake kwenye kipande cha boksi tulichokiandika namba. Hedi ilipogoma kuachia, hatukuchomeka bisibisi katikati ya nyuso. Tuliitikisa kwa kipande cha mbao hadi ikaachia, tukailaza juu ya mbao mbili, maana valvu zilizo wazi huchomoza chini na hupinda kwa urahisi.

Ndipo tukatazama. Vichwa vya pistoni tatu vilikuwa vyeusi kwa masizi. Cha silinda ya tatu kilikuwa kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Mvuke wa maji ndio uliokisafisha. Tulipaka hedi rangi nyekundu ya kupenya, tukaifuta, tukapulizia unga mweupe. Mstari mwembamba kama unywele ukajitokeza kati ya valvu mbili za silinda hiyo hiyo.

Wengi humu wangeishia hapo na kuagiza hedi. Sisi tukaishusha rejeta. Theluthi yake ya chini ilikuwa imejaa tope lililokauka pamoja na mbegu za majani. Tukafungua nyumba ya tomastati: tupu. Fundi fulani aliitoa ili maji yazunguke haraka. Kwenye injini zenye tomastati ya sahani mbili, sahani moja inapofungua njia ya rejeta, ya pili huziba njia fupi inayorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa yote, njia fupi inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Mwenye gari alikaa kwenye benchi akiitazama ile nyumba tupu. Hedi tatu zimelipiwa, na chanzo kilikuwepo muda wote.

Kutokana na hayo, napendekeza yafuatayo. Hedi isifunguliwe kabla ya vipimo vya vipovu na vya shinikizo la rejeta kufanyika na kuandikwa. Injini ipoe usiku mzima. Mteja akiharakisha, aelezwe sababu. Boliti zilegezwe kutoka nje kwenda ndani, nazo zipangwe kwa namba. Hedi, gasketi na boliti vya zamani visitupwe wala kuuzwa hadi chanzo kijulikane, na mwenye gari avione kwa macho yake. Hedi mpya isifungwe kabla rejeta haijasafishwa, feni yake haijapimwa na tomastati nzuri haijawekwa. Tomastati isiondolewe. Nalirudia hili kwa makusudi.

Ufa ulio kati ya valvu usichomelewe kwa gesi ya mitaani. Aluminiamu iliyokunywa oili kwa miaka haishiki weldi, na mahali hapo hupasuka tena. Kuskimu nako kuna mpaka wake, kwani kila unachokikwangua kinasogeza valvu karibu na pistoni. Gasketi isinunuliwe kwa kukisia: unene wake huchaguliwa kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku. Wakati wa kufunga, spana ya torki ni ya lazima: newton-mita 39 kutoka katikati kwenda nje, kisha robo ya mzunguko, kisha robo nyingine. Gereji isiyo na spana hiyo iazime kwa jirani. Mkono hauwezi kupima.

Kwa upande wa vyuo, naomba mwanafunzi apimwe kwa namna anavyofungua hedi na anachokisoma juu yake, kabla ya kupimwa kwa namna anavyoifunga. Na kila gereji iwe na daftari la hedi: gari, kilomita, mahali pa ufa, hali ya rejeta, tomastati ipo au haipo. Vipimo viandikwe, nasema tena, viandikwe.

Injini ya mazoezi ipo uani tangu jana, imepoa, nati za tabo zimeshanyunyiziwa mafuta na maboksi yenye namba yako mezani. Baada ya chai naomba kila mshiriki aje na kalamu.