Mtoto Anayeitwa Bonge



Nimekuja na hoja moja. Kumwambia mtoto kwamba amenenepa mno hakumpunguzi uzito. Kunaweza hata kumwongezea.

Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walianza kuwafuatilia wasichana wa miaka 9 na 10, weusi kwa weupe. Walipofika miaka 10 waliulizwa kama mzazi, ndugu, rafiki au mwalimu amewahi kuwaambia kuwa ni wanene kupita kiasi. Janet Tomiyama na Jeffrey Hunger walichambua majibu hayo na kuyachapisha mwaka 2014. Kati ya wasichana 2,379, asilimia 58 walikuwa wameshaambiwa, na kufikia miaka 19 hao ndio walioelekea zaidi kuwa na unene uliopitiliza. Mtaniuliza: si walikuwa wanene tangu mwanzo? Uzito wao wa awali ulizingatiwa kwenye hesabu, pamoja na kipato cha nyumbani na umri wa kubalehe. Tofauti haikufutika. Utafiti wa namna hii hauthibitishi chanzo peke yake, ila unatosha kumnyang'anya mzazi ule utetezi wa “namwambia kwa faida yake”.

Sasa twende kwa fundi cherehani, Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa. Futi inazunguka kiuno cha msichana wa darasa la tano. “Mama Asha, huyu bonge, kitambaa hakitoshi!” Foleni nzima inacheka, na mama naye anacheka. Mtoto amevuta tumbo ndani, amebana pumzi, anangoja futi iondoke. Kesho yake ataacha chai ya asubuhi. Jioni njaa itamshinda, atakula sahani mbili, ya pili kwa kujificha. Netiboli ataiacha, maana sketi ya michezo inaonyesha mapaja. Chakula kimeongezeka, mchezo umepungua. Mnategemea nini mizani iseme?

Huko Minnesota, Marekani, Dianne Neumark-Sztainer na wenzake waliwafuatilia vijana kwa miaka 5. Waliokuwa wakijinyima chakula ili wapungue waliongezeka uzito kuliko wasiojinyima, na walielekea zaidi kula kwa pupa wasiweze kujizuia.

Linaloniuma zaidi ni wakati. Msichana anayekaribia kuvunja ungo huongezeka mafuta mwilini kwa sababu mwili unajiandaa, na ndiyo miaka tunayomwandama. Wavulana nao hawasalimiki: mnene anataniwa, mwembamba anaitwa mbavu za mbwa.

Unene wa watoto ni tatizo la afya, sikatai. Ila mwaka 2016 madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, waliwashauri wazazi waache mazungumzo ya uzito, wawe wanakula pamoja na watoto wao. Nakubaliana nao. Kwa shule zetu ninaongeza ombi: mizani iwekwe ndani ya chumba, mtoto aingie peke yake, na kilo zake ziandikwe kwenye kadi bila kutangazwa.